Yowe la Zipora

Kila mwanamke aliyesimama mbele ya Selestine alilia. Kila alipomwambia mmoja, "Fikiria mwanao amerudi amelewa, amekushika koo," machozi yalimwagika papo hapo, na wengine walilia kwa kelele hadi wapita njia wa Kalangalala, mjini Geita, wakasimama kuuliza nani amefariki. Selestine aliwashukuru wote, akawaaga. Hakutaka kilio. Alitaka mama ambaye mtazamaji angemwogopa kidogo.

Huo ulikuwa mwaka 1984. Selestine alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mtoto wa wakulima wa Ushirombo, na ofisi moja ya filamu ya Dar es Salaam ilikuwa imempa kazi yake ya kwanza ya kuongoza: filamu fupi juu ya mama mjane na mwanawe aliyeharibikiwa machimboni. Alipewa Landrova, kamera, fundi wa sauti aitwaye Ghati, na mikanda michache mno, maana madukani hakukuwa na kitu, na mkanda wa filamu ulikuwa adimu kuliko sabuni. "Kila tukio utalipiga mara moja tu," aliambiwa alipokuwa anaondoka. "Ukikosea, ndiyo umekosea."

Alimwona Zipora sokoni. Alikuwa ameketi nyuma ya turubai la dagaa, mwanamke mrefu mkavu, mkono wake wa kushoto umepinda chini ya kiwiko. Mchimbaji mmoja aliyelewa gongo alipita akakanyaga dagaa zake. Wauza nyanya walianza kumtukana yule mlevi. Zipora alimtazama tu. Mlevi alicheka, akaangalia pembeni, akacheka tena kidogo, kisha akachuchumaa na kuanza kuokota dagaa zilizotawanyika.

"Ni huyo," Selestine alimwambia Ghati.

Alimsogelea, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hizi ni za Nkome, ziwani, zimekauka vizuri, hazina mchanga."

"Sikufuata dagaa, mama." Akamweleza habari ya sinema. Zipora alisikiliza huku akirudisha fungu lake mahali pake.

"Huyo mtoto wa kwenye sinema yako anamfanya nini mama yake?"

"Anampiga. Anataka kuchukua ng'ombe."

Zipora aliinua macho. "Na mama naye anafanya nini?"

"Bado sijajua," Selestine alisema, na huo ndio uliokuwa ukweli.

"Ukijua, uje uniambie. Nakaa Ikandilo."

Ikandilo kilikuwa kijiji cha wakulima na wafugaji, nje kidogo ya mji wa Geita. Selestine alikubaliana na Zipora kwamba picha zote zipigwe pale pale nyumbani kwake. Sehemu ya mtoto alimpa Jilala, kijana mchangamfu aliyekuwa anachimba dhahabu katika duara moja, shimo refu la machimbo ng'ambo ya vilima, ambaye alijua kuigiza ulevi kwa sababu aliuona kila siku. Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Zipora alitwanga, alifagia, alichota maji, na kamera haikumbabaisha hata kidogo. Jambo moja tu lilimtatiza Selestine. Majirani walimwita Mama Esta, naye Esta, aliyekuwa ameolewa mjini, alipokuja kumsalimia mama yake alisema kwamba yeye ni wa pili kuzaliwa.

"Wa kwanza yuko wapi?" Selestine aliuliza.

Esta alishika njia ya kwenda jikoni.

Aliyejibu alikuwa Mzee Mageni. Yeye ndiye aliyeongoza sungusungu wa Ikandilo, na watu walimwita ntemi. Miaka ile ya wizi wa mifugo, vijiji vilikuwa vimeamua kujilinda vyenyewe kwa pinde na filimbi, na neno la ntemi lilikuwa zito.

"Wa kwanza anaitwa Makoye," Mageni alisema. "Alikwenda kwenye maduara, akarudi mtu mwingine. Alikuja kuchukua maksai wa kulimia, wa mama yake na wa ndugu yangu. Zipora alishika kamba, hakutaka kuiachia. Mkono ule umeuona."

"Ni yeye aliyemvunja?"

"Kwa mpini wa jembe. Tulikaa kikao, tukamtoa kijijini. Siku akikanyaga Ikandilo, atakayemwona kwanza atapiga mwano, yowe la hatari, na sisi tutakuja na mishale. Atakayemficha, naye tutamtoa. Tangu siku hiyo hakuna anayemwita yule mwanamke kwa jina la Makoye."

Jioni, Ghati alizungusha nyaya zake, kisha akasema, "Tumtafute mwingine. Unamfanya huyu mama alipe mara mbili."

"Amekubali mwenyewe."

"Alikubali sinema. Hukumwambia kwamba unajua."

Selestine alikwenda kumwambia. Alimkuta Zipora anapepeta mtama, akasema yote aliyoyasikia, akaongeza kwamba akitaka waache, wataacha. Zipora hakusimamisha ungo wake.

"Sasa umeshajua mama anafanya nini?" aliuliza.

"Nilidhani atamsamehe."

"Hapana. Atapiga yowe."

Neno hilo halikumtoka Selestine usiku kucha. Kulipokucha alikuwa amekwisha kuandika upya tukio la mwisho: mtoto anarudi na panga mkononi, mama anasimama mlangoni, anapiga yowe, na sungusungu wanamzingira. Alikwenda kuomba ruhusa kwa Mageni, na Mageni hakufurahi.

"Mwano hauchezewi, kijana. Huku mtu akiupiga bure tunamwadhibu."

Walivutana asubuhi nzima. Mwishowe Mageni alikubali kwa masharti. Vijiji vya jirani vijulishwe mapema. Watakaoigiza wawe sungusungu wenyewe, wenye pinde zao, maana hakutaka vijana wa mjini wafanye mzaha na kazi ile. Na mshale usitoke kwenye podo hata mmoja.

Siku ya tukio, jua lilikuwa kali na upepo haukuwapo. Selestine alisimamisha kamera chini ya ukuta wa zizi, ikitazama mlango wa nyumba ya Zipora na kijia kinachotoka kwenye mtama. Ghati alikaa pembeni na kinasa sauti chake, vyombo vya kusikilizia masikioni. Sungusungu walijificha nyuma ya nyumba, wanaume wenye misuli na nyuso za kazi, Mageni mbele yao. Mkanda uliokuwa ndani ya kamera ulikuwa wa mwisho kwa tukio hilo. Jilala alikuwa amevaa shati jekundu lililochanika na kofia ya majani iliyomfunika macho, akachukua panga, akatokomea ndani ya mtama kusubiri ishara.

"Anza!" Selestine alipaza sauti.

Zipora alitoka mlangoni, akakaa kwenye kigoda. Mtama ulitikisika. Shati jekundu lilitokeza, kofia imeinama, panga linaning'inia. Selestine, jicho lake kwenye kamera, alipenda ule mwendo. Ulikuwa mzito, wa mtu anayevuta miguu. Jilala amejifunza, alijisemea. Kisha akaona kwamba yule mtu alikuwa mrefu kuliko Jilala.

Mtu yule alisimama katikati ya uwanja, akavua kofia.

Zipora alisimama polepole. Kigoda kilianguka nyuma yake.

"Mayu," yule mtu alisema. Alimwita mama kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini. "Mayu, ni mimi."

Ghati aliinua macho, akamtazama Selestine. Hakuhitaji kuambiwa. "Ni yeye," alinong'ona. "Selestine, zima. Nenda ukasimame kati yao."

Selestine alijua kwamba alipaswa kuzima. Kidole chake kilikuwa pale pale kwenye kitufe. Lakini ndani ya kile kioo kidogo aliuona uso wa Zipora, uso aliokuwa ameutafuta Kalangalala yote, na kidole hakikubonyeza.

Nyuma ya nyumba, sungusungu walikuwa bado wanangoja yowe. Kutoka walikokuwa hawakuweza kuona uwanja. Kwao wao aliyefika alikuwa Jilala.

"Weka panga chini," Zipora alisema.

Makoye alilitazama panga kana kwamba hakujua limefikaje mkononi mwake. "Hili ni la sinema. Jilala amenipa. Amenipa na shati. Alisema leo ndiyo siku pekee naweza kufika kwako bila kuuawa njiani."

"Liweke chini."

Aliliweka. Alikuwa amekonda, na shavu lake moja lilikuwa na kovu bichi, jekundu.

"Duara limetuangukia," alisema. "Tulikuwa wengi mle ndani. Mimi nilichimbuliwa hai. Mayu, mle gizani nilikuwa nasikia mlio wa mfupa wako. Si wa mwingine. Wako. Hauniachi."

Zipora hakumsogelea. "Umekuja kuchukua nini?"

"Sichukui kitu."

"Mara ya mwisho pia ulisema hivyo."

"Nilikuwa nimelewa."

"Hukuwa umelewa. Ningekunusa. Ulikuwa mzima na ulinitazama usoni."

Makoye alipiga magoti pale pale vumbini, akaweka mikono yake juu ya kichwa. Kamera iliendelea kunguruma taratibu kama mdudu. Zipora aliangalia kijia cha mtama. Njia ilikuwa wazi. Angeweza kumwambia akimbie, na hakuna mtu wa kijiji ambaye angejua. Baadaye Ghati alimwambia Selestine kwamba aliona macho ya yule mama yakienda kwenye mtama na kurudi, yakienda na kurudi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa anaomba moyoni: mwambie aondoke, mama, mwambie aondoke.

Zipora alivuta pumzi, akainua mikono yote miwili, ule mzima na ule uliopinda, akapiga mwano.

Sauti ile haikuwa ya sinema. Ilipanda juu, ikakatika, ikapanda tena, na bondeni mbwa walianza kubweka. Makoye hakuinuka. Aliinama tu zaidi, kama mtu anayengoja mvua ya mawe.

Sungusungu walitoka mbio nyuma ya nyumba kama walivyofundishwa, wakitabasamu kidogo kwa sababu ya kamera, wakafanya duara kumzunguka aliyepiga magoti. Kijana mmoja ndiye aliyemtambua kwanza. "Makoye!" alisema, na tabasamu likafutika kwenye nyuso zote. Mikono ilikwenda kwenye mapodo. Mishale ilipachikwa kwenye pinde kwa haraka ya watu waliozoea.

"Ng'wana wa Zipora," Mageni alisema taratibu. "Tulikuambia nini?"

"Ntemi, mtu huyu ana panga!" mmoja alipiga kelele.

"Panga liko chini," Zipora alisema. Alikuwa amekwisha kufika. Aliingia katikati ya pinde, akasimama mbele ya mwanawe, mgongo wake kwa Makoye, uso wake kwa Mageni. "Nani amepiga mwano?"

Mageni alilitazama panga lililokuwa chini.

"Mzee Mageni, nakuuliza. Nani amepiga mwano?"

"Wewe."

"Sheria ilisema atakayemwona apige. Nimemwona, nimepiga. Nimemficha?"

"Hukumficha."

"Basi sheria nimeitimiza. Sasa sikilizeni na mimi. Mfupa uliovunjwa ni wangu. Maksai wawili walikuwa wangu, na wengine wa ndugu yako, na ndugu yako yuko hapa, atasema mwenyewe. Mtu amekuja kwa miguu yake, ameweka panga chini, amekaa mavumbini. Mtu wa namna hiyo kwenu mnampiga mshale au mnamkalisha kikao?"

"Sogea, Mama Esta," alisema yule kijana aliyemtambua Makoye, upinde mkononi.

"Niite jina langu lote," Zipora alimwambia. "Mimi ni mama yake Makoye. Sikuacha kuwa. Ukitaka kumpiga, nipitie mimi kwanza, halafu ukamweleze mama yako ulichofanya leo."

Upinde wa yule kijana ulikuwa umevutwa, na mkono wake ulikuwa umeanza kuchoka. Hapo ndipo hatari ilipokuwa, na kila mtu aliiona: si hasira yake, ni ule mkono uliochoka. Selestine aliiona ndani ya kioo. Kwa mara ya kwanza alisahau picha. Aliiacha kamera inanguruma peke yake, akakimbia, akausukuma upinde juu. Mshale uliruka, ukapita juu ya paa la nyasi, ukaangukia kwenye mtama.

Mageni aliutazama mtama pale ulipoangukia.

"Shusheni," Mageni alisema. "Shusheni zote."

Pinde zilishuka, moja baada ya nyingine. Yule kijana aliketi chini, akajifunika uso. Ndani ya kamera, mkanda uliisha ukaanza kupigapiga, tap, tap, tap, hadi Ghati alipokwenda kuizima.

Kikao kilikaa siku ileile kwenye uwanja wa Zipora, na jua lilikuwa linakaribia kuzama walipomaliza. Jilala, aliyemjua Makoye machimboni, aliitwa, akakemewa vikali kwa hila yake, akaomba radhi huku akilia kama mtoto. Ndugu yake Mageni alisema kwamba hataki damu ya mtu yeyote, anataka shamba lake lilimwe. Ikaamuliwa Makoye alime mashamba ya wote aliowadhulumu, misimu miwili, kwa jembe la mkono, na alale kwa Mageni, chini ya jicho la ntemi. Mageni alimgeukia Zipora. "Na kwako aje?"

Watu walitegemea aseme ndiyo. Hata Makoye aliinua kichwa.

"Nyumbani kwangu halali," Zipora alisema. "Nimemkinga na mshale. Sijamaliza kumkasirikia."

Kesho yake asubuhi Selestine alikwenda kumuaga. Alikuwa amelala vibaya, na maneno aliyoyaandaa yalimpotea njiani.

"Mama, ule mkanda. Nitauteketeza ukitaka. Nilipaswa kuzima."

"Ulipaswa," Zipora alikubali. "Lakini hukuzima, na mwishoni ulikimbia ukaja. Yote mawili nimeyaona." Alifikiri kidogo. "Usiuteketeze. Watu wa vijiji vingine watasema nilimwita mwenyewe, nikampa na nguo za kujificha. Waonyeshe. Waone nani alipiga mwano."

Makoye, aliyekuwa anapita na jembe begani, alisimama. "Mayu, nchi nzima itaniona nimepiga magoti."

"Na mimi wataniona nimevunjika mkono," mama yake alijibu bila kumtazama. "Tutaonekana pamoja."

Mkanda ulipelekwa mbali kusafishwa, ukachukua karibu mwaka kurudi. Ofisini Dar es Salaam walitaka tukio lile lipunguzwe. Walisema ni gumu mno kwa watazamaji, na kwamba mwishoni kamera imetazama mahali pamoja muda mrefu bila mtu wa kuiongoza. Selestine alikataa, akagombana nao, akanyimwa filamu nyingine kwa muda mrefu. Lakini mkanda ulibaki mzima, na kiangazi kilichofuata gari la sinema lilifika Ikandilo, likatundika shuka jeupe kwenye magoli ya uwanja wa mpira.

Watu walikuja kutoka hadi vijiji vya ng'ambo. Walicheka walipomwona Jilala akipepesuka. Walicheka tena walipomwona mbuzi wa mtu fulani akipita nyuma ya picha. Ilipofika sehemu ya yowe, hakuna aliyecheka. Yule kijana wa upinde alitoka akaenda kusimama mbali, gizani. Zipora alitazama kila kitu hadi mwisho, mikono mapajani, na taa ilipowashwa alisema tu, "Kumbe nimezeeka hivi," na wanawake waliokaa karibu naye wakamshika mabega.

Watu walipotawanyika, Makoye alimfuata nyuma kwenye kijia. Misimu yake miwili ilikuwa bado haijaisha. Viganja vyake vilikuwa vimeota sugu za jembe, na hakuwa amekunywa gongo tangu siku ile, au angalau hakuna aliyemwona.

"Mayu," alisema, "pale nilipopiga magoti, ukawa unaangalia mtama. Ulikuwa unafikiri nini?"

Zipora aliendelea kutembea. "Nilifikiri ukikimbia nitakuwa sina Makoye. Na ukibaki huenda nikawa sina Makoye pia. Nikaona bora nijue leo."

Walifika njia panda, pale ambapo kijia cha kwenda kwa Mageni kinaachana na cha nyumbani. Alisimama kama alivyozoea, angoje mama yake apite.

"Kalale," Zipora alisema. "Kesho njoo mapema kabla jua halijawa kali. Ukuta wa jiko umeanguka upande wa mvua. Peke yangu siwezi kukanda udongo."

"Nitakuja."

"Uje na chakula chako. Mimi kukupikia bado."

"Ndiyo, mayu," alisema, na akangoja pale pale njia panda hadi aliposikia mlango wa nyumba ya mama yake unafungwa kwa ndani.